Kifua cha Evelina Kilipoacha Kulia

Evelina alikuwa na kifua kinacholia. Pale Mlali kila mtu alikijua. Vumbi likizidi, au baridi ya mwezi wa Juni ikishuka, kifua chake kilianza: fiii, fiii, fiii. Ungedhani amemeza filimbi. Siku kama hiyo aliketi kwenye kigoda, akavuta pumzi polepole. Baada ya saa moja au mbili kifua kilinyamaza. Kisha aliinuka akaendelea na kazi. Na kazi aliiweza, jamani! Kwenye kupura mtama, mwanamke yule aliwaacha nyuma wanaume watatu.

Mimi naitwa Luka, ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Nyumba yangu ilikuwa ya tatu kutoka kwao. Kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu, sikuambiwa na mtu. Na niseme mapema: siku ile mimi nilikuwa mmoja wa wajinga.

Evelina alikuwa mke wa Sila. Waliishi pamoja na wazazi wa Sila, Mzee Ebenezer na Mama Angelina. Kwetu Ugogoni, mke wa mwana humheshimu sana baba mkwe wake. Hamtazami usoni. Haketi naye pamoja. Hapazi sauti mbele yake. Akiulizwa jambo, huinamisha kichwa tu, au humnong'oneza mtu mwingine amjibie.

Evelina alikuwa ameolewa miaka kumi na moja. Kwa miaka yote hiyo Mzee Ebenezer hakuwahi kumsikia akisema sentensi nzima. Jambo hilo lilimpa fahari.

"Nimepata mkwe," alipenda kutuambia kilabuni. "Nyumba ina mtu, lakini haina kelele."

Mwaka 1993 mtama ulikubali. Wakati huo biashara ya mazao ilikuwa imeachiwa watu wote. Zamani tulisubiri gari la ushirika peke yake, lije lisije. Sasa wafanyabiashara walikuja na malori yao mpaka mlangoni. Mmoja wao aliitwa Athuman, mtu wa Dodoma mjini. Alimwambia Sila, "Ijumaa nakuja. Nikikuta mtama umepurwa na kupepetwa, napakia. Nikikuta masuke, naenda kwa jirani."

Basi siku ya Alhamisi Sila aliita watu kumsaidia. Mama Angelina alipika togwa, sufuria mbili. Tulikuja watu kumi na wawili, kila mmoja na fimbo yake.

"Mbukwenyi!" tulisalimiana kwa Kigogo, tukaanza kazi.

Kati yetu alikuwapo Dorothea, muuguzi wa kituo cha afya. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alizaliwa Miyuji, mjini kabisa, lakini alishika fimbo ya kupuria kama sisi. Nilimpenda kwa hilo. Wapo watu wakipata cheti hawataki tena kushika vumbi. Dorothea alikuwa na cheti ukutani na sugu mikononi. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi wa maneno. Ukimwuliza swali la afya, hakukuringia. Alikueleza mpaka uelewe, halafu akakutania kidogo.

Tulipura. Vumbi la mtama lilipanda. Vumbi hilo linawasha shingo, linawasha macho, linaingia puani. Evelina alikuwa katikati, anapura kwa nguvu zote.

"Pumzika kidogo, mama Miriam," Sila alimwambia mkewe.

"Ijumaa ni kesho," Evelina alijibu kwa sauti ndogo, akapiga tena.

Ilipofika saa tano kifua kikaanza kulia. Safari hii kililia kwa nguvu. Tulikisikia juu ya kelele za fimbo. Mama Angelina alimshika mkono mkwe wake, akamwingiza ndani. Akachemsha majani kwenye chungu, akaweka na makaa yenye moshi pembeni. Akamfunika Evelina blanketi gubigubi ili avute mvuke. Alikuwa amefanya hivyo miaka yote. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, alimpenda binti yule.

Sisi nje tuliendelea kupura huku tukisikia. Fiii. Fiii. Sauti ikapungua. Ikawa ndogo. Kisha hatukusikia kitu.

Mama Angelina alitoka mlangoni akijifuta jasho. "Kimetulia!" alisema. "Mungu mwema. Kimenyamaza kabisa."

Tulishangilia. Mimi, mwalimu mzima, nilisema, "Si niliwaambia? Dakika kumi tu atarudi na fimbo yake."

Mzee Ebenezer alisogea mpaka mlangoni. Hakuingia, kwa sababu ya heshima. Aliuliza akitazama pembeni, "Mkwe wangu, umepata nafuu?"

Evelina aliinamisha kichwa. Hakusema neno.

"Mnamwona?" Mzee alitugeukia kwa furaha. "Hata akiumwa, adabu haimtoki."

Wakati huo Dorothea alikuwa nyuma ya nyumba, anakunywa maji. Aliporudi alisimama ghafla.

"Mbona kimya?" aliuliza.

"Amepona," nikamjibu.

"Nani amesema amepona?"

"Kifua chenyewe. Hakilii tena."

Dorothea aliitupa fimbo chini, akaingia ndani mbio. Sila na mimi tukamfuata. Alilivuta lile blanketi akalitupa. Chungu na makaa akavitoa nje. Akafungua dirisha la mbao. Mwanga ukaingia, nasi tukamwona Evelina vizuri.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Mikono yake ilikandamiza magoti. Kila alipovuta pumzi, ngozi ya shingo yake iliingia ndani, juu ya mifupa ya mabega. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Macho yalikuwa mazito, kama ya mtu anayetaka kulala.

"Evelina," Dorothea alisema, "nitajie majina ya watoto wako."

Evelina alifungua mdomo. "Mi..." alisema. Akavuta pumzi. "Mi..." Hakuweza kumaliza hata jina la kwanza.

Mama Angelina alisogea. "Muuguzi, usimlazimishe kuongea. Baba mkwe wake yuko mlangoni."

"Mama yangu, nakuheshimu, na desturi naijua," Dorothea alisema. "Lakini hii siyo adabu. Huyu hana pumzi ya kusemea."

Aliweka sikio lake mgongoni kwa Evelina. Kushoto. Kulia. Juu. Chini. Sisi wote tulizuia pumzi zetu.

"Kimya," alisema. "Pande zote kimya."

"Si ndiyo vizuri?" Sila aliuliza.

"Hapana, Sila. Mkeo ana pumu. Ugonjwa huu unabana njia za hewa. Kifua kilipokuwa kinalia, hewa ilikuwa inapita kwa shida mahali pembamba. Sasa njia zimebana mno. Hewa karibu haipiti kabisa, ndiyo maana hakuna sauti. Filimbi ukiipuliza inalia. Ukiiziba kwa udongo, hailii. Je, filimbi hiyo imepona?"

Sila alitikisa kichwa.

"Panda baiskeli," Dorothea alimwambia. "Nenda kituoni. Mwambie tabibu Fabian, Dorothea analeta mgonjwa wa pumu ambaye kifua chake kimenyamaza. Useme hivyo hivyo. Ataelewa, ataandaa dawa. Kimbia!"

Sila aliondoka kama mshale. Mimi nilifunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Watu walileta godoro ili Evelina alazwe.

"Msimlaze!" Dorothea alipaza sauti. "Akilala atabanwa zaidi. Aketi wima, na awe na mtu imara wa kumwegemeza mgongo. Mimi nitakaa mbele yake nimtazame."

Hapo tukakwama. Mama Angelina alikuwa mwembamba, hana nguvu. Vijana walikuwapo, tena wenye nguvu, lakini kila mmoja alirudi nyuma hatua moja. Nani angethubutu kumwegemeza mkwe wa Mzee Ebenezer mbele ya Mzee Ebenezer mwenyewe? Tulitazamana. Najua ni upuuzi. Mtu anakufa, sisi tunatazamana. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mzee Ebenezer alivua kofia yake. Akapanda mkokoteni, akaketi, akageuza mgongo wake mpana.

"Mleteni," alisema. "Ataegemea hapa."

Tulimpandisha Evelina, akaegemea mgongo wa baba mkwe wake. Miaka kumi na moja hawakuwahi kuketi benchi moja. Nimeona wakubwa wakipigiwa makofi majukwaani, lakini sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu mzee yule saa ile.

Nilipiga mijeledi. Njia ilikuwa ya kilomita mbili, yenye mashimo. Dorothea alikuwa anamwambia Evelina, "Nitazame. Usisinzie. Nitazame mimi."

Baada ya muda Mzee aliuliza, bila kugeuka, "Muuguzi, bado anapumua?"

"Wewe ndiye utakayeniambia, baba. Akivuta pumzi, mgongo wake unasukuma wa kwako?"

Mzee alituliza mgongo wake ausikie wa mkwe. "Unasukuma. Kidogo."

"Basi uhesabu. Mgongo wake ukiacha kusukuma, niambie hapo hapo."

Mzee Ebenezer akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Alihesabu njia nzima. Alipofika mia alianza upya. Jasho lilikuwa linamtiririka, ingawa kulikuwa na upepo.

Pale kituoni Fabian alikuwa amesimama mlangoni na dawa tayari. Sila alikuwa amefikisha ujumbe neno kwa neno. Walimwingiza Evelina ndani. Fabian alimchoma sindano ya kufungua njia za hewa, kwenye mshipa wa mkono, polepole. Wakampa na dawa nyingine ya kupunguza uvimbe ndani ya njia hizo. Sisi tulibaki barazani. Hakuna aliyetaka kuketi.

Muda ulipita. Sijui ni dakika ngapi. Halafu, kupitia dirishani, tukasikia.

Fiii.

Mama Angelina alijishika kichwa. "Umerudi!" alilia. "Ugonjwa umerudi! Jamani, mwanangu!"

Mlango ulifunguliwa. Dorothea alitoka. Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mama, usilie. Sasa ndiyo ushangilie," alisema. "Hewa imeanza kupita. Hiyo ndiyo sauti yake."

Mama Angelina aliketi chini pale pale sakafuni. Mzee Ebenezer alimfuata, akaketi karibu naye. Sila aliutazama ukuta, mabega yake yakicheza. Kwa saa nzima tulikaa tukisikiliza ile fiii, fiii, na mimi sijawahi kusikia muziki mtamu kama ule.

Dorothea alituletea maji. Mzee Ebenezer alimwuliza, "Kumbe kimya ni kibaya?"

"Siyo kila kimya, baba. Kifua chake kikipona kitanyamaza pia. Lakini atakuwa anaongea vizuri, midomo ina rangi yake, shingo haiingii ndani, na anaweza kutembea. Hicho ni kimya cha uzima. Kwa hiyo msisikilize tu. Tazameni, na mwulizeni mgonjwa. Sisi wauguzi tunafundishwa kuogopa baadhi ya kimya."

"Kipi kingine?" niliuliza. Mwalimu haachi kuuliza.

"Mtoto mchanga asipolia, Mwalimu. Wengine husema, huyu ni mpole. Mkunga hasemi hivyo. Anamtazama kwanza kama anapumua. Anamkausha haraka, anamsugua mgongo, na kama hapumui anamsaidia kupumua papo hapo. Halafu tumbo. Tumbo lenye afya hunguruma kidogo kidogo mchana kutwa. Likivimba, likauma, na likanyamaza, huenda utumbo umesimama. Hapo ni hospitali, siyo dawa za kumfanya aharishe."

"Na hili gonjwa la siku hizi?" Mama Angelina aliuliza kwa sauti ya chini.

"UKIMWI? Huo nao unakaa kimya, mama. Virusi vinaweza kukaa mwilini miaka mingi. Mtu ananenepa, anacheka, anafanya kazi, na anaweza kumwambukiza mwenzake. Huwezi kumjua kwa kumtazama. Ni kupima damu tu." Dorothea alimgeukia Mzee. "Na upo ugonjwa mwingine wa kimya, wa watu wa rika lako, baba. Nipe mkono."

"Mimi siumwi popote," Mzee alisema.

"Nipe tu. Umehesabu kilomita mbili, pumzika nikupime."

Alimfunga mkanda wa kipimo mkononi, akaujaza hewa. Akatazama. Akasubiri kidogo, akapima tena.

"Presha yako iko juu," alisema.

"Lakini siumwi!"

"Ndiyo maana huitwa ugonjwa wa kimya. Haiumizi kichwa, haiumizi mguu. Inachosha moyo na mishipa bila kukwambia. Siku moja mtu anaanguka, watu wanasema amerogwa. Leo una hofu, na hofu hupandisha presha. Njoo Jumatatu, na tena Jumatatu inayofuata. Ikibaki juu, tutaanza dawa."

Ilibaki juu. Mzee alipewa vidonge vya kumeza kila siku, na akaambiwa apunguze chumvi.

Turudi kwa Evelina. Ijumaa asubuhi Athuman alifika na lori lake. Alikuta mtama nusu umepurwa, nusu masuke. Aliposikia habari, hakuuliza tena juu ya magunia. "Mtama hauna haraka," alisema. "Mgonjwa wenu aketi mbele na mimi." Akampeleka Evelina hospitali ya wilaya, Sila akiwa naye. Sisi majirani tulimaliza kupura, na Athuman akarudi kuupakia mtama juma lililofuata.

Evelina alilazwa siku tano. Alirudi na kopo dogo la dawa ya kuvuta kwa mdomo. Dorothea alikaa naye mara tatu kumwonyesha namna ya kuvuta, mpaka akajua. Kupura aliacha. Alichukua kazi ya kushona na kuhesabu magunia, upande ambao upepo unatoka, huku amejifunga kitambaa puani. Majani ya kufukiza na moshi havikuingia tena chumbani mwake. Jiko lilihamishiwa nje.

Nami darasani nilifuta ubao. Wiki ile wanakisomo wangu hawakusoma habari za jogoo na kikapu kitabuni. Tuliandika hivi, kwa herufi kubwa:

Mgonjwa wa pumu hawezi kumaliza sentensi.
Midomo imebadilika rangi.
Shingo inaingia ndani.
Anasinzia.
Kifua kimenyamaza.
Usimlaze. Usimfunike. Mpeleke haraka.

Watu wazima ishirini na mmoja walisoma maneno hayo mpaka wakayashika. Mama Angelina, naye mwanakisomo wangu, alikuwa wa kwanza kuyasoma bila kukosea. Alipomaliza alilia tena, tukamwacha alie.

Lakini kazi ngumu ilimhusu Mzee Ebenezer. Dorothea alikuwa amemwambia, "Pumzi ya mkweo utaijua kwa maneno yake. Mtu asiyeongea, utajuaje kama amebanwa?" Mzee alifikiri siku mbili. Siku ya tatu aliita watu wa nyumba yake, nami nikaitwa niwe shahidi.

"Kuanzia leo," alisema, "nikimsalimia mkwe wangu asubuhi, atanijibu mwenyewe. Kwa sauti. Maneno mengi."

Wazee wenzake kilabuni walinung'unika. Walisema Ebenezer anaharibu desturi. Yeye aliwajibu, "Adabu yake nimeiona miaka kumi na moja. Sasa nataka kusikia pumzi yake."

Siku za kwanza Evelina alipata shida. Alisema "Shikamoo, baba, nimeamka salama" akitazama vidole vya miguu yake, sauti haifiki mlangoni. Mzee alisubiri. Hakumharakisha. Kesho yake sauti ilifika mlangoni. Wiki iliyofuata ilifika uani.

Mwaka uliofuata, wakati wa mavuno, nilipita kwao asubuhi kuazima ungo. Mzee Ebenezer alikuwa ameshika jembe, anataka kutoka.

"Umeamkaje, mkwe wangu?" aliuliza.

Evelina alitoka jikoni. Alisimama mbele yake, kichwa juu, kopo la vidonge mkononi.

"Nimeamka salama, baba, kifua changu kizuri na watoto wote wazima, lakini wewe jana hukumeza dawa yako, na juzi hukumeza, vidonge nimevihesabu, na leo huondoki hapa na hilo jembe mpaka umeze mbele ya macho yangu!"

Alisema yote hayo kwa pumzi moja.

Mzee Ebenezer aliweka jembe chini. Alinyoosha kiganja chake, akapokea kidonge, akameza.